Boniphace Hajafika Kazini

Ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji kwa kawaida hausomwi na mtu. Karatasi hukaa pale mpaka jua linakula wino, na mbuzi wa mwenyekiti wakipita hung'ata pembe zake. Lakini wiki ile ya mwisho wa Februari watu walisogea, wakasoma, wakafunika midomo kwa viganja, wakaondoka upesi ili wakachekee mbele ya safari. Ilikuwa orodha ya walioitwa kuchimba lambo. Namba thelathini na moja iliandikwa hivi: Boniphace Wanzagi, miaka thelathini na minane, mkulima, mtoro, hajafika kazini siku kumi na nne.

Boniphace alikuwa na sababu nzuri ya kutofika. Hakuwa amezaliwa.

Usinikatize, nitaeleza. Kijiji chenyewe kiko upande wa Butiama. Unashuka Kiabakari kwenye barabara ya Musoma, unachukua bodaboda kuelekea vilimani. Jina lake nitalibana, kwa sababu wenyewe wapo na mimi bado napita njia ile. Hapo anaishi Bibi Bhoke, mjane wa mzee Wanzagi. Ana miaka sitini na saba, mrefu, mkavu, mwenye kauli fupi. Hajawahi kupiga hodi kwa jirani kuomba chumvi. Akiishiwa chumvi, chakula cha siku hiyo hakina chumvi, na anayekula naye ajue hivyo.

Bhoke alikuwa na mabinti wawili. Wote waliolewa, mmoja Bunda, mwingine ng'ambo ya Mto Mara, na ng'ombe wao wakaingia katika zizi la baba yao. Mrithi wa kiume hakuwepo. Mzee Wanzagi alipofariki, watu walianza kuitazama nyumba ile kwa jicho la huruma lenye tamaa ndani yake. Kwa mila za huku, nyumba isiyo na mwana wa kiume ni kama moto uliozimika: mashamba yanarudi kwa ndugu wa marehemu, na mjane anabaki kula kwa hisani. Ndugu wa marehemu alikuwepo, mdogo wake, jina lake Pastory. Si mtu mbaya, Pastory. Ila kila alipopita karibu na shamba la bondeni la kaka yake, lile lenye udongo mweusi, mwendo wake ulikuwa unapungua.

Sasa, mila ile ile iliyofunga mlango ndiyo iliyoacha dirisha. Bhoke alitoa ng'ombe zizini, akaenda Nyamuswa, akaoa. Ndiyo, akaoa. Huku Mara tunaiita nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mwana anamtolea mahari binti wa watu, na binti anakuja kuzaa kwa ajili ya nyumba ile. Watoto wanakuwa wajukuu wa mwenye nyumba. Nani aliyempa binti mimba, hilo halisemwi, na ukiliuliza utaonekana hukulelewa. Binti mwenyewe huhesabiwa kuwa mke wa mwana wa nyumba ile. Na kama mwana hayupo? Mdomo unasema yupo, na maisha yanaendelea.

Binti huyo anaitwa Gati. Alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, mchekaji, mwenye mikono ya kazi, na wote tulisema atatoroka kabla ya mavuno. Leo ana thelathini na miwili na watoto watatu: wavulana wawili, na katikati yao msichana wa miaka tisa, Wegesa. Bhoke na Gati hawajawahi kusikika wakigombana. Wakikasirikiana, mmoja analima kuanzia mwanzo wa shamba na mwingine kuanzia mwisho, jioni wanakutana katikati na hasira imekwisha.

Miaka saba iliyopita walikuja vijana wenye fomu za mpango wa kaya maskini. Mmoja akaketi kwenye kigoda, akaanza kuuliza.

"Baba wa hawa watoto anaitwa nani?"

"Boniphace," alisema Bhoke.

"Yupo?"

"Yupo."

"Amezaliwa mwaka gani?"

"Themanini na saba." Alijibu bila hata kufikiri.

"Leo simwoni."

"Ametoka."

Gati alikuwa anapepeta mtama. Aliinamisha kichwa kama mkamwana mwenye adabu, akaendelea kupepeta. Kijana akaandika, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Wala usimlaumu Bhoke. Kumwambia mgeni, mbele ya mkamwana wake, kwamba nyumba hii haina mwanamume, ilikuwa ni kuibomoa nyumba kwa ajili ya karatasi. Katika mkoa wote huu hakuna mwanamke wa nyumba ntobhu ambaye angejibu tofauti.

Kwa miaka Boniphace hakumdhuru mtu. Hakunywa pombe, hakuuza mahindi kwa siri, hakumpiga mke. Wanawake kisimani walimtania Gati kwamba katika kijiji kizima yeye ndiye aliyepata mume bora. Ruzuku ilikuja kwa sababu ya watoto, mradi waende shule na wapelekwe kliniki, na watoto walikwenda. Baadaye ikaja na kadi ya bima ya afya, ambayo serikali inawalipia wasio na uwezo. Kadi hiyo ndiyo jambo lenyewe. Ruzuku ikikosekana, Bhoke anajua kula mihogo asubuhi na mihogo jioni. Lakini Wegesa ana selimundu.

Watu wa huku tunaujua ugonjwa huo kwa kuzika. Damu ya mtoto inakuwa na kasoro, inakwama njiani, na mifupa inauma maumivu ambayo mtu mzima angelia hadharani. Lakini kuna vidonge. Ukivimeza kila siku, na kila mwezi ukaonekana kliniki Musoma, unaweza kuishi kama wenzako. Wegesa aliishi kama wenzake. Aliruka kamba vibaya na kwa kelele nyingi, alikuwa wa pili darasani, na alikuwa na ugomvi wa kudumu na yule wa kwanza.

Ndipo uchumi wa nchi ukashuka pale Kiabakari, ukapanda bodaboda, ukaja mpaka kwenye uwanja wa Bibi Bhoke.

Mbali na hapa walikaa watu wenye kalamu. Si watu wabaya, na nasema hivyo kwa kujilazimisha. Walitazama hesabu zao, wakaona fedha za wafadhili zimepungua na wenye shida hawajapungua. Wakasema ruzuku isizae uvivu. Kaya yenye mwanamume mwenye nguvu, kuanzia miaka kumi na minane hadi sitini, itoke kwenye ruzuku, iingie kwenye kazi za ujira: lambo, barabara, mitaro. Na bima inayolipwa na serikali wabakiziwe wasio na mtu wa kuwafanyia kazi. Nilipousoma mwongozo ule mimi mwenyewe nilisema ni busara. Busara ya karatasi, hata hivyo, inamwona aliyeandikwa, haimwoni aliyepo. Mkanda ulikazwa huko juu, na kiuno kilichobanwa kikawa cha Wegesa. Nilipolielewa hilo nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Gati alifika lamboni siku ya pili tu, jembe begani. Msimamizi akapitisha kidole kwenye orodha.

"Mama, wewe haupo hapa. Tunamtaka Boniphace."

"Nimekuja badala yake."

"Hairuhusiwi. Yuko wapi mwenyewe?"

Gati alishusha jembe begani.

"Basi mwambie," alisema msimamizi, ambaye alikuwa mgeni wa kutoka mjini, "asiyekuwepo na lake halipo."

Wachimbaji wote waligeuza nyuso wakatazama udongo kwa makini sana. Gati naye alikuwa karibu kucheka. Alirudi nyumbani akamsimulia Bhoke, na Bhoke pia alitabasamu kidogo. Hawakujua bado.

Walijua Musoma. Gati alisimama kwenye foleni tangu saa moja asubuhi, Wegesa ameegemea kiuno chake, na walipofika dirishani mhudumu aliingiza namba ya kadi, akarudia, akatikisa kichwa.

"Kadi haisomi, dada."

"Mwezi uliopita ilisoma."

"Mmetolewa. Kaya yenu ina uwezo." Alisogea karibu na kioo asome vizuri. "Inaonyesha mna mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi."

Nyuma ya Gati kulikuwa na watu, na kila mmoja alikuwa na mtoto wake. Mhudumu hakuwa mkali. Alisema pole, akamwonyesha dirisha la kulipia. Gati alikwenda stendi akauza kitenge alichokuwa amejifunga, akabaki na khanga, akarudi na kununua vidonge vya wiki mbili.

Wiki mbili ziliisha. Jumapili iliyofuata, katikati ya ibada, Wegesa alianza kushika magoti. Hakulia kanisani, maana alikuwa ameketi jirani na yule wa kwanza darasani. Alilia wakiwa njiani, mgongoni kwa mama yake, na walipofika nyumbani alikuwa hawezi kuguswa. Bhoke alichemsha maji, akaloweka kitambaa, akaanza kukanda miguu ile miembamba, taratibu, kutoka pajani mpaka kifundoni na kurudi tena. Mchana wote ulikwenda hivyo. Maumivu yalipopungua kidogo, Wegesa akafumbua macho.

"Bibi, baba atakuja lini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Shuleni wanasema yeye ndiye amekatisha dawa zangu. Wanasema akija kuchimba, nitapewa. Hata siku moja tu, bibi. Akichimba siku moja halafu arudi alikoendaga."

Bhoke aliendelea kukanda. Gati alitoka nje, akasimama nyuma ya jiko, na huko alilia kwa sauti ya kujizuia ambayo wote ndani waliisikia.

Jumanne ilikuwa siku ya Diana. Diana ni afisa ustawi wa jamii, mzaliwa wa Bunda, miaka ishirini na tisa, na anahudumia kata tano peke yake. Pikipiki ya ofisi anayo. Mafuta yake yanatosha wiki moja katika mwezi, wiki nyingine anaomba lifti kwenye malori ya mchanga. Kesi za watoto waliopigwa, waliokimbia, waliotelekezwa, zote ni zake, na juu ya hizo ameongezewa uhakiki wa kaya maskini, kwa kuwa hakuna wa kumsaidia. Alimkuta Bhoke tayari ameketi kwenye benchi la ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji, Gody, alikuwa mezani, muhuri mkononi.

Bhoke alieleza kwa maneno machache. Diana alisikiliza mpaka mwisho, akashusha kishikwambi chake magotini.

"Bibi, nyie ni nyumba ntobhu?"

"Umesema wewe."

Diana alielewa. Kwao Bunda alikuwa na shangazi katika nyumba kama hiyo. Alifungua kishikwambi, akatafuta, akapuliza pumzi.

"Mfumo unanipa sababu tatu tu za kumtoa mtu kwenye kaya. Ya kwanza, amehama. Lakini akihama watasema anawatumia hela, kadi hairudi. Ya pili, amefariki. Hapo nahitaji cheti cha kifo."

Gody aliinua kichwa. Alikuwa kijana mwepesi wa kusaidia, na wepesi huo siku moja utamponza. "Hilo mbona dogo? Naandika kibali cha mazishi, napiga muhuri, bibi anapeleka wilayani. Saa nne tumemaliza."

"Hiyo ni kughushi, Gody," alisema Diana. "Unataka tufungwe wote?"

Lakini aliyemjibu kwelikweli alikuwa Bhoke. Alimtazama kijana yule mpaka akauweka muhuri chini.

"Unataka nimuue mwanangu kwa muhuri? Na akifa, Gati ni mjane. Kesho yake ukoo unanileteaga mtu wa kumrithi. Hapana. Ya tatu ni ipi?"

Diana alitazama tena kishikwambi. "Ya tatu ni kwamba aliingizwa kimakosa. Hiyo haina cheti. Ila maelezo yanasomwa kwenye mkutano wa hadhara, watu wakiridhia naingiza hapo hapo."

"Yanasomwa yakisemaje?"

"Kwamba huyo Boniphace hayupo, bibi. Wala hajawahi kuwepo."

Huko nje mbuzi alikuwa anavuta karatasi ubaoni.

"Mficha uchi hazai, bibi," alisema Gody kwa upole, akidhani anasaidia.

"Mimi nimeshazaa, Gody. Hiyo wape wenye umri wa kuzaa."

Aliomba siku mbili. Siku hizo mbili alilima. Alilima shamba la bondeni, peke yake, kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, na Gati alipomfuata na uji alimwambia auweke chini aende. Alikuwa anajua anachokwenda kukiuza. Akisema mbele ya watu kwamba mwana hakuwepo, basi nyumba haikuwa na mwenyewe, na udongo ule mweusi Pastory angeweza kuudai mchana kweupe. Watoto wangeitwa wa njiani. Na yeye mwenyewe, ambaye kwa miaka kumi na mitatu alitembea kijijini kama mama wa mwana, angerudi kuwa yule waliyekuwa wanamtazama kwa huruma yenye tamaa. Kwa upande mwingine kulikuwa na miguu ya Wegesa. Alipomaliza tuta la mwisho alinawa, akamwambia Gati afue nguo za mkutano.

Mkutano ulikuwa Alhamisi, kivulini mwa ghala la pamba la chama cha msingi. Ghala lenyewe lilikuwa tupu. Bei ya mwaka uliopita ilikuwa imewavunja watu moyo, wengi wakang'oa pamba wakapanda mihogo. Walikuja watu zaidi ya mia mbili, na sitakudanganya kwamba walikuja kwa ajili ya ajenda ya maji. Diana alisimama na karatasi ya maelezo mkononi. Bhoke akainuka.

"Nipe, mwanangu. Nitasema mwenyewe."

Alisimama mbele, kitambaa cheupe kichwani. Hakuangalia chini.

"Mimi naitwa Bhoke, mke wa Wanzagi. Mwana wa kiume sina. Sikuwahi kuwa naye. Yule Boniphace niliyemwandikisha, nilimwandikisha mimi kwa mdomo wangu huu. Mumtoe, mtoto apate dawa."

Nilidhani watacheka. Hakucheka mtu hata mmoja. Jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema, likisemwa, huwa linawaumiza hata wasiohusika. Wanawake waliangalia vidole vya miguu yao. Kisha Pastory akainua mkono, polepole, kama mtu ambaye anajua atachukiwa lakini shamba ni shamba.

"Mimi nauliza tu, ili iingie kwenye muhtasari. Shemeji anasema mwana hakuwepo. Sawa. Basi huyu Gati ni mke wa nani? Na hawa watoto ni wa nani?"

Gati alisimama kabla hajaitwa. "Mimi nilitolewa Nyamuswa na huyu mama. Nilipoumwa uzazi alinibeba yeye. Watoto walipougua alilala chini yeye. Hao wengine mnaowataja mimi siwajui."

"Hujajibu ni mke wa nani," alisema Pastory.

Diana aliingilia, kwa sababu swali lile lile lilikuwa linamsubiri kwenye kishikwambi. Boniphace akitoka, Gati hawezi kubaki ameandikwa mke wa Boniphace. Alimgeukia Bhoke. "Bibi, samahani. Hapa panataka uhusiano wake na mkuu wa kaya. Mkuu wa kaya ni wewe. Nimwandike nani wako?"

"Andika mtoto wangu."

Minong'ono ikapita. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa sauti, mtoto gani wa kutolewa mahari na mama yake?

"Huyo," alisema Bhoke, na sasa sauti yake ilipanda. "Nyie wote mlipokea ng'ombe binti zenu walipoondoka. Na mimi nilipokea wa wale wawili. Huyu peke yake ndiye niliyetoa ng'ombe ili aje. Kama huyo siyo mtoto, basi nielezeni mtoto ni nini. Andika, Diana."

Diana aliandika. Mwenyekiti akauliza wanaoridhia wanyooshe mikono, na mikono ikanyooka mingi kuliko iliyonyooka kwa ajili ya maji. Pastory aliiweka yake katikati ya magoti. Mtandao ulikuwa hafifu. Diana alipanda ngazi za ghala, akainua kishikwambi juu ya kichwa, akangoja, na sisi wote tukangoja tukimtazama. Kisha akashuka akitikisa kichwa kwa kukubali. Mfumo ulikuwa umepokea.

Nitakwambia mapema ili usikae roho juu: kadi ilisoma Musoma kabla Machi haijaisha, na Wegesa amerudi kwenye ugomvi wake wa darasani. Kesi ya shamba la bondeni bado iko baraza la kata. Sheria inamlinda mjane, Diana amelisema hilo mara nyingi, lakini sheria nayo inaombaga lifti kwenye malori ya mchanga.

Siku ile ya mkutano, Bhoke alirudi nyumbani akaketi chini, nje ya mlango wake, miguu ameinyoosha. Hakuwasha moto. Gati alimletea maji, hakunywa. Ilikuwa saa tisa ya mchana, na watoto walikuwa wanazunguka kwa kunyata bila kujua kosa ni la nani.

Wa kwanza kuja alikuwa Adventina, mke wa Pastory. Alikuja na ndoo ya maji kichwani na khanga kiunoni, akaitua ndoo, akaketi chini karibu na Bhoke bila kusalimia, miguu ameinyoosha vilevile, jinsi wanawake wanavyoketi msibani. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja na kuni, mmoja na unga wa muhogo. Hakuna aliyewaita. Waliketi mpaka uwanja ukajaa, na hawakujua waseme nini, kwa sababu msiba wenyewe haukuwa na jina. Mmoja akampa Gati mkono wa pole.

"Pole zote mpeni mama," alisema Gati.

Bhoke aliwatazama.

"Leo nimeudanganya mkutano," alisema.

Wanawake wakasogea karibu.

"Alikuwepo. Alikaa tumboni miezi saba, akatoka hapumui. Nilimwangalia, alikuwa wa kiume. Wakubwa wakaniambia mtoto wa hivyo huwa haliliwi, nitajifunga uzazi. Nikanyamaza, na uzazi ukafunga hivyo hivyo. Miaka yote hii nimenyamaza. Halafu leo nikasimama mbele ya watu nikasema hakuwahi kuwepo."

Adventina alimshika mkono. "Alikuwepo, dada," alisema. "Nilikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja hapa. Mimi ndiye niliyepewa jembe nimchimbie."

Kisha Adventina akafungua kilemba chake, akaweka mikono kichwani, akapiga ukelele, ule wa kumlilia mwanamume, na wanawake wote wakaupokea.

Kule kwake Pastory aliusikia. Alikuja mbio, kofia mkononi, akasimama getini akiuliza ni nani amefariki. Hakuna aliyeweza kumjibu kwa kilio. Wegesa ndiye aliyemwendea.

"Ni baba," alimwambia.

Pastory aliwatazama wanawake, akamtazama mkewe, akamtazama Bhoke kwa muda mrefu. Kisha akavuta gogo, akaliweka nje ya geti, mahali ambapo wanaume huketi msibani, akaketi.